Hesabu kwa Redio: Njia Ngapi?

Kisomo cha Watu Wazima. Somo la 11.

Somo hili husomwa redioni polepole. Kila mwanafunzi awe na daftari, kalamu na vipande 6 vya karatasi. Mahali palipoandikwa (Kituo), msomaji hunyamaza kidogo ili darasa lipate nafasi ya kufanya hesabu. Mwalimu wa darasa asitoe jibu kabla ya msomaji.

MANENO YA SOMO

Tarakimu: alama moja ya namba. Tarakimu ziko 10, tangu 0 mpaka 9.
Mpangilio: vitu vilivyowekwa kwa zamu, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Zamu ikibadilika, mpangilio umebadilika.
Kundi: vitu vilivyochaguliwa pamoja. Hakuna cha mbele wala cha nyuma.

SOMO

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu anayo kalamu yake.

Katika masomo yaliyopita tulihesabu vitu vinavyoonekana: mbuzi, magunia, shilingi. Leo tutahesabu vitu visivyoonekana. Tutahesabu njia za kufanya jambo. Pengine utauliza, "Hesabu hii yanifaa nini mimi?" Inafaa kwa fedha zako. Kabla somo halijaisha utaona jinsi inavyoonyesha kama mchezo wa fedha unaendeshwa kwa haki, kama sanduku la kikundi li salama, na kama namba ya siri ya simu yako inalinda kitu au hailindi.

Sehemu ya kwanza: Kuzidisha njia

Tuanze na safari. Mtu yuko Mukendo, mjini Musoma, naye anataka kwenda Shirati, wilaya ya Rorya. Aweza kuvuka ziwa kutoka Mwigobero mpaka Kinesi, kisha akashika barabara. Au aweza kuzunguka kwa gari, akapita Makutano na kuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Basi njia za kwenda ni 2. Njia za kurudi pia ni 2. Je, safari nzima, kwenda na kurudi, ina njia ngapi? Andikeni zote. (Kituo.)

Haya, tutazame:

Kwenda kwa ziwa, kurudi kwa ziwa.
Kwenda kwa ziwa, kurudi kwa daraja.
Kwenda kwa daraja, kurudi kwa ziwa.
Kwenda kwa daraja, kurudi kwa daraja.

Jumla ni 4. Lakini hatukuwa na haja ya kuziandika zote. Kwa kila njia ya kwenda ziko njia 2 za kurudi. Kwa hiyo 2 mara 2 ni 4.

Sasa twende kwa mama lishe. Ana ugali na wali. Kitoweo ni sato, sangara au dagaa. Mboga ni mchicha au kisamvu. Kila mteja achague kimoja katika kila aina. Je, mama lishe aweza kupakua sahani ngapi zisizofanana? (Kituo.)

Chakula ni 2, kitoweo ni 3, mboga ni 2. Basi 2 mara 3 ni 6, na 6 mara 2 ni 12. Sahani 12, kwa vyungu 7 tu. Iwapo sangara wameadimika siku hiyo, kitoweo kimebaki 2, na sahani zimekuwa 8. Kimekosekana kitu kimoja, lakini zimepungua sahani 4.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Iandikeni: Jambo likifanywa kwa hatua, zidisha njia za hatua ya kwanza kwa njia za hatua ya pili, kisha kwa za hatua ya tatu, hata mwisho.

Kanuni hii imewapa watu wengi elimu. Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alipofuka akiwa mtoto. Alipokuwa kijana alitengeneza maandishi ya kusomwa kwa vidole, ambayo sisi huyaita nukta nundu. Kila alama ina nafasi 6, na katika kila nafasi ama nukta ipo, ama haipo. Yaani kila nafasi ina hali 2. Zidisheni: 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. (Kituo.) Jibu ni 64. Toa ile moja isiyo na nukta hata moja, maana kidole hakitagusa kitu. Zimebaki alama 63, nazo zatosha kwa herufi zote, alama za vituo, na zaidi. Nafasi 6 tu, na asiyeona aweza kusoma kitabu.

Sehemu ya pili: Mpangilio

Sasa tuje kwenye mchezo wa fedha, ambao wengine huuita upatu. Watu watano wanacheza. Kila juma kila mtu anatoa shilingi 10,000, na mmoja anapokea zote, shilingi 50,000. Baada ya majuma 5 kila mtu amepokea mara moja.

Kwa jumla hakuna aliyepata zaidi. Kila mmoja ametoa 50,000 na amepokea 50,000. Hata hivyo zamu ina maana kubwa. Anayepokea wa kwanza amepata fedha za wenzake mapema. Ni kama amekopeshwa bila riba. Anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake, na iwapo mmoja atatoroka katikati, yeye ndiye atakayelia. Ndiyo maana watu hugombana kwa sababu ya zamu.

Je, zamu zaweza kupangwa kwa njia ngapi? Tuanze na watu 3: mshonaji, muuza dagaa na mama lishe. Chukueni vipande 3 vya karatasi, andikeni jina moja katika kila kimoja, kisha mvipange juu ya meza kwa kila njia mnayoweza. (Kituo.)

Mipangilio ni hii:

Mshonaji, muuza dagaa, mama lishe.
Mshonaji, mama lishe, muuza dagaa.
Muuza dagaa, mshonaji, mama lishe.
Muuza dagaa, mama lishe, mshonaji.
Mama lishe, mshonaji, muuza dagaa.
Mama lishe, muuza dagaa, mshonaji.

Jumla ni 6. Kwa nini 6? Nafasi ya kwanza yaweza kuchukuliwa na yeyote kati ya watu 3. Akiisha kuwekwa huyo, wamebaki 2 kwa nafasi ya pili. Nafasi ya tatu amebaki 1, hana wa kushindana naye. Basi 3 mara 2 mara 1 ni 6.

Sasa fanyeni kwa watu 4, kisha kwa watu 5. (Kituo.)

Watu 4: 4 mara 3 mara 2 mara 1 ni 24.
Watu 5: 5 mara 4 mara 3 mara 2 mara 1 ni 120.

Endeleeni nyumbani mtaona ajabu. Watu 6 wana mipangilio 720. Watu 7 wana 5,040. Watu 10 wana 3,628,800. Kikundi cha watu 10 kingepanga zamu mpya kila siku, bila kurudia hata moja, kingemaliza baada ya miaka zaidi ya 9,900.

Turudi kwa wale watano. Mwenye kuendesha mchezo akiandika zamu peke yake, amechagua mpangilio mmoja kati ya 120, na hakuna ajuaye kwa nini kachagua ule. Lakini wakipiga kura, yaani majina 5 yatiwe ndani ya kikapu na mtoto atoe moja moja bila kutazama, mipangilio yote 120 ina nafasi sawa. Mshonaji yuko wa kwanza katika mipangilio mingapi? Mwekeni wa kwanza, kisha wapangeni wanne waliobaki: 4 mara 3 mara 2 mara 1 ni 24. Na kila mwenzake vivyo hivyo, 24. Zidisheni 24 kwa watu 5, mtapata 120 kamili. Hakuna aliyependelewa.

Basi ukiambiwa, "Zamu nimekwisha kuipanga," uliza kwa upole, "Imepangwaje?" Hilo si tusi. Ni hesabu.

Sehemu ya tatu: Kundi

Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndipo watu wengi hupotea.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa huhifadhi fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli 3. Funguo 3 hushikwa na watu 3 mbalimbali, hata sanduku lisiweze kufunguliwa na mmoja peke yake. Tuseme kikundi kina watu 6. Tunataka kujua: watu 3 wa kushika funguo waweza kuchaguliwa kwa njia ngapi?

Mwanafunzi mmoja atasema: "Wa kwanza kati ya 6, wa pili kati ya 5, wa tatu kati ya 4. Basi 6 mara 5 mara 4 ni 120." Hesabu yake ya kuzidisha ni sawa, lakini amejibu swali lingine. Kama tungechagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, jibu lingekuwa 120, kwa sababu mwenyekiti si katibu. Wakibadilishana kazi, uongozi umebadilika. Lakini wenye funguo wote wana kazi moja. Mshonaji, muuza dagaa na mama lishe ni watu walewale hata ukianza kumtaja mama lishe. Na tumekwisha kuona kwamba watu 3 hupangwa kwa njia 6. Kwa hiyo katika ile 120, kila kundi limehesabiwa mara 6. Tugawanye: 120 kwa 6 ni 20. Makundi ni 20.

Kanuni ya pili, iandikeni: Kama zamu au kazi haina tofauti, hesabu mipangilio kwanza, kisha gawanya kwa idadi ya njia za kuwapanga waliochaguliwa.

Na swali la kujiuliza kila mara ni hili: Wakibadilishana mahali, je, kuna kitu kilichobadilika? Kama ndiyo, ni mpangilio. Kama hapana, ni kundi.

Tuendelee na sanduku letu. Katika wale 6 wamo mume na mkewe. Kikundi kimekata shauri kwamba hao wawili wasishike funguo pamoja, maana funguo 2 zikilala nyumba moja, kufuli 3 zimekuwa kama 2. Je, yamebaki makundi mangapi? (Kituo.)

Hesabuni kwanza makundi mabaya. Mume yumo, mke yumo, na wa tatu ni yeyote kati ya wanne waliobaki. Basi makundi mabaya ni 4. Toa 4 katika 20, yamebaki 16. Kikundi hakikukosa watu; kina njia 16 za kulinda fedha zake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata daftari lataka hesabu.

Mfano mwingine wa kundi ni mpira. Msimu wa 2021/2022 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 16. Mmojawapo ilikuwa Biashara United ya Mara, ambayo uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Karume, hapa Musoma. Jozi za timu zilikuwa ngapi? 16 mara 15 ni 240. Jozi moja ina timu mbili za kupangwa kwa njia 2. 240 kwa 2 ni 120. Jozi 120. Lakini katika ligi kila jozi hucheza mara mbili, nyumbani na ugenini. Kucheza Musoma si sawa na kucheza Dar es Salaam. Zamu ina tofauti. Kwa hiyo michezo ilikuwa 240, na kila timu ilicheza 30. Mnaona? Timu ni zilezile, lakini swali likibadilika, jibu hubadilika.

Sehemu ya nne: Namba ya siri

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Tangu hapo watu wengi huweka fedha katika simu, na mlango wa fedha hizo ni namba ya siri. Tuseme namba hiyo ina tarakimu 4. Tarakimu ya kwanza ina njia 10, na ya pili 10, na ya tatu 10, na ya nne 10. Basi namba zote ni 10,000. Mwizi akibahatisha mara 3 bila kujua lolote, ana nafasi 3 katika 10,000. Hiyo ni ndogo sana. Namba ni ngao nzuri.

Lakini ngao hiyo hutobolewa na mwenye simu mwenyewe. Sikilizeni njia tatu za kuitoboa.

Kwanza, mwaka wa kuzaliwa. Tangu 1940 mpaka 2009 ni miaka 70 tu. Mtu aliyetumia mwaka wake ameshuka kutoka namba 10,000 mpaka 70. Na anayekufahamu hahitaji hata hizo 70; anakadiria umri wako kwa macho.

Pili, siku na mwezi wa kuzaliwa. Mwaka mrefu una siku 366. Kwa hiyo namba hazizidi 366.

Tatu, kubonyeza mbele ya watu. Jirani aliyesimama nyuma yako kwa wakala pengine hakuona zamu, lakini ameona vitufe vinne ulivyogusa, tuseme 2, 5, 7 na 8. Njia za kuzipanga ni ngapi? (Kituo.) Ndiyo, 24. Akijaribu mara 3, ana nafasi 3 katika 24, yaani 1 katika 8. Hiyo si ndogo tena.

Basi kinga vitufe kwa kiganja unapobonyeza. Usichague mwaka wala tarehe. Na usimtajie mtu namba yako, hata akisema anakusaidia. Ukimtajia, njia zimekuwa 1.

Sehemu ya tano: Mkeka

Neno la mwisho ni juu ya kubahatisha michezo. Vijana huandika mkeka, yaani huchagua matokeo ya michezo mingi kwa pamoja, na mmoja ukiharibika, mkeka wote umechanika. Kila mchezo una matokeo 3: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au watoke sare. Michezo 2 ina njia 9. Michezo 3 ina 27. Michezo 5 ina 243. Michezo 10 ina 59,049, na ni moja tu iliyo sahihi. Mtu akitaka kuandika mikeka yote ya michezo 10 kwa shilingi 500 kila mmoja, atahitaji shilingi 29,524,500.

Mtu atasema, "Mimi najua mpira, timu kubwa haiwezi kufungwa na ndogo." Ni kweli kwamba njia hizi hazina uzito sawa. Lakini tuseme unajua sana, hata katika kila mchezo umebakiza matokeo 2 tu ya kuchagua. Zidisheni 2 mara kumi. Bado ziko njia 1,024. Kabla ya kutoa fedha ya chumvi, hesabu njia kwanza.

MUHTASARI

Ukipewa swali la namna hii, jiulize maswali matatu. Kwanza, hatua ni ngapi, na kila hatua ina njia ngapi? Pili, je, aliyekwisha kuchaguliwa aweza kuchaguliwa tena, kama tarakimu za simu, au ametoka, kama majina ya kikapuni? Tatu, wakibadilishana mahali, je, kuna kilichobadilika?

Tumefika mwisho wa somo. Sasa zimeni redio, mfanye mazoezi mkiwa wawili wawili. Msitazame majibu kwanza. Kwaherini, na heri ya kusoma.

MAZOEZI

1. Fundi cherehani ana vitenge vya aina 5, naye anajua mishono 3 ya magauni. Aweza kushona magauni mangapi yasiyofanana?
2. Waendesha bodaboda 4 wako kijiweni. Waweza kupanga foleni kwa njia ngapi?
3. Kikundi kina watu 8. (a) Wachague 2 wa kwenda benki pamoja. Njia ngapi? (b) Wachague mmoja wa kubeba fedha na mwingine wa kubeba daftari. Njia ngapi?
4. Timu 5, za Mukendo, Mwisenge, Nyasho, Bweri na Makoko, zinashindana. Kila timu inakutana na kila nyingine mara moja. Michezo mingapi?
5. Namba za siri za tarakimu 4, ambazo hakuna tarakimu iliyorudiwa, ni ngapi?
6. Zoezi la kufikiri pamoja: Jirani ameona kwamba umegusa vitufe 3 tu, yaani 2, 5 na 7, naye anajua namba ina tarakimu 4. Maana yake mmoja umeurudia. Je, njia ni zaidi ya 24 au ni pungufu?

MAJIBU

1. 5 mara 3 ni 15.
2. 4 mara 3 mara 2 mara 1 ni 24.
3. (a) 8 mara 7 ni 56. Gawanya kwa 2, ni 28. (b) 56, kwa sababu kazi ni mbili mbalimbali.
4. 5 mara 4 ni 20; gawanya kwa 2, ni 10.
5. 10 mara 9 mara 8 mara 7 ni 5,040.
6. Ni zaidi. Tarakimu iliyorudiwa yaweza kuwa yoyote kati ya 3. Tuseme ni 2. Tafuta mahali pa 5: nafasi 4. Kisha mahali pa 7: nafasi 3 zilizobaki. Nafasi mbili za mwisho zinajazwa na 2. Basi 4 mara 3 ni 12. Kwa tarakimu zote tatu, 12 mara 3 ni 36. Wengi hudhani kwamba vitufe vichache ni njia chache. Hesabu imeonyesha sivyo.